Chrome 69 na akaunti iliyoingia bila hodi

Tarehe 4 Septemba 2018 Google ilitoa toleo la 69 la kivinjari cha Chrome. Ilikuwa wiki ambayo Chrome ilitimiza miaka 10, kwa hiyo toleo lilipambwa: vichupo vya mviringo, rangi nyepesi, kisanduku cha anwani kilichoviringwa pembeni. Hayo kila mtu aliyaona. Lililojificha ni kwamba kwa toleo hilo, ulipoingia Gmail, YouTube au tovuti nyingine ya Google, Chrome yenyewe nayo iliingia kwenye akaunti hiyo papo hapo, bila kukuuliza. Na kwa kuwa Chrome hujisasisha yenyewe chinichini, hakuna aliyebofya popote kulikubali badiliko hilo.

Kelele zilizofuata zilitoka zaidi Marekani na Ulaya, kwa watu wenye kompyuta zao binafsi. Lakini sababu ambayo Google iliitoa kujitetea ilikuwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, na kompyuta za namna hiyo ndizo zilizojaa kwenye saiba za Nairobi na Mombasa, kwenye maduka ya steshenari ya Dar es Salaam na Mwanza, kwenye ofisi za walimu na maabara za vyuo. Ndiyo maana naona kisa hiki kinatuhusu kuliko kilivyowahusu waliokipigia kelele, na ndiyo maana nataka kukichambua hadi kwenye swichi yenyewe ya kuzima.

Kuna kuingia kwa aina mbili, na watu wengi hawazitofautishi. Aina ya kwanza ni kuingia kwenye tovuti: unafungua Gmail, unaandika anwani yako na nenosiri, unasoma barua, unatoka. Aina ya pili ni kuingia kwenye kivinjari chenyewe. Ukiingia kwenye Chrome na kuwasha usawazishaji, alamisho zako, historia ya kurasa ulizotembelea, manenosiri uliyohifadhi, anwani ulizojaza kwenye fomu na hata vichupo vilivyo wazi hupelekwa kwenye seva za Google na kuwekwa chini ya akaunti yako. Ukifungua Chrome kwenye simu au kompyuta nyingine kwa akaunti hiyohiyo, unavikuta vyote. Kwa mwenye vifaa viwili au vitatu ni huduma nzuri kabisa. Kabla ya toleo la 69, hizi aina mbili hazikuwa zimefungwa pamoja. Mtu aliweza kukaa kwenye Gmail mwaka mzima huku Chrome yake ikiwa haimjui kwa jina.

Tatizo walilolitaja wahandisi wa Chrome lilikuwa la kweli, tena zito. Tuseme Juma anafika dukani, anaketi kwenye kompyuta namba mbili, na kwa kutojua anaingia kwenye Chrome yenyewe na kuwasha usawazishaji. Anamaliza shughuli zake, anaondoka. Baada ya saa moja anakuja Asha kujaza ombi la mkopo wa elimu ya juu. Anakuta Gmail ya Juma iko wazi, naye kwa uungwana anamtoa, kisha anaingia kwa akaunti yake. Kwa macho ya Asha, Juma ameshaondoka. Lakini amemtoa Juma kwenye tovuti tu. Kivinjari bado ni cha Juma. Asha anapoandika nenosiri lake la mfumo wa mikopo na Chrome ikamuuliza kama ihifadhi, akibofya kukubali, nenosiri hilo linasafiri hadi kwenye akaunti ya Juma. Jioni Juma anaweza kulikuta kwenye simu yake nyumbani, pamoja na orodha ya kurasa zote ambazo Asha alizitembelea. Wala Juma hakuiba kitu. Mashine ndiyo iliyomkabidhi.

Kila aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya saiba anajua kwamba hadithi ya namna hii haihitaji kutiwa chumvi. Wateja wanakuja kutoa nakala ya cheti cha namba ya mlipakodi, kujisajili kwenye mifumo ya ajira, kuomba vyuo, kutuma wasifu wa kazi. Wanaingiza kwenye kompyuta za watu wengine taarifa nyeti kuliko zote walizonazo, wakiwa na haraka, na mara nyingi mhudumu ndiye anayewajazia.

Dawa ya Google ilikuwa kuziunganisha aina mbili za kuingia. Asha akiingia Gmail, Chrome nayo inakuwa ya Asha; akimtoa Juma kwenye Gmail, Juma anatoka kwenye Chrome pia, na usawazishaji wake unakatika. Picha ya akaunti inayotokea pembeni, juu ya dirisha, ni ya mtu mmoja tu, kwa hiyo hakuna wa kuchanganyikiwa. Kwa mantiki hiyo peke yake, walichofanya kinaeleweka. Na ni haki kusema waziwazi jambo moja ambalo wengi waliokasirika walilikosea: Chrome 69 haikuwasha usawazishaji yenyewe. Adrienne Porter Felt, mhandisi na meneja katika timu ya Chrome, alilieleza hilo hadharani malalamiko yalipoanza. Kivinjari kilikutambua, lakini historia yako haikupelekwa kwenye akaunti mpaka ubofye kitufe kingine cha kukubali.

Basi kosa liko wapi?

Aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko wote ni Matthew Green, mtaalamu wa usimbaji fiche wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore. Tarehe 23 Septemba 2018 aliandika kwamba anaachana na Chrome, na hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kuielewa. Tatizo la Juma na Asha, alisema, linampata mtu ambaye tayari kivinjari kimeingizwa kwenye akaunti fulani. Mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye Chrome, na ameamua hivyo kwa makusudi, hana tatizo hilo hata kidogo. Kwa nini basi yeye ndiye aingizwe kwa nguvu? Dawa ilinyweshwa wasiougua.

Hoja yake ya pili ilihusu kitufe. Baada ya kuingizwa, ukifungua menyu ya akaunti ulikutana na kitufe kikubwa cha buluu kinachotaja usawazishaji. Green aliuliza: je, kitufe hiki kinaniambia kwamba nimeshaanza kusawazisha, au kinanialika nianze? Hakikueleweka. Zamani, ili utume historia yako Google, ulipaswa kuandika anwani yako na nenosiri lako ndani ya Chrome, kazi ambayo huwezi kuifanya kwa bahati mbaya. Sasa umbali kati ya kutotuma na kutuma ulikuwa mbofyo mmoja wa kidole kilichoteleza. Hapa mimi nakubaliana naye moja kwa moja. Ulinzi wa zamani haukuwa kwenye sheria wala kwenye ahadi, ulikuwa kwenye usumbufu wa kuandika nenosiri, na usumbufu huo uliondolewa bila mtu kuambiwa kwamba ndio uliokuwa ukimlinda.

La tatu lilikuwa sera ya faragha. Wakati badiliko linatoka, sera ya Chrome bado ilizungumzia hali mbili: hali ya kawaida, na hali ya kivinjari kilichoingia kwenye akaunti, ambayo ndani yake taarifa zako huhifadhiwa kwenye seva za Google. Kwa maandishi hayo, mtu aliyeingizwa bila kuulizwa alikuwa amehamishwa kutoka hali ya kwanza hadi ya pili. Google iliirekebisha sera baada ya kelele, ili isomeke kwamba kutuma kunategemea usawazishaji kuwashwa. Yaani programu ilitangulia, maandishi ya kuieleza yakaja kuifukuza.

Toleo hilohilo lilikuwa na mambo mengine mawili yaliyowapandisha watu hasira. Moja nalipitia haraka: kisanduku cha anwani kilianza kuficha herufi za www na ile m ya tovuti za simu, jambo lililowatia wasiwasi watu wa usalama kwa sababu anwani mbili tofauti ziliweza kuonekana sawa, likarudishwa nyuma ndani ya mwezi huohuo, kisha www ikafichwa tena katika toleo la 76 mwaka 2019. La pili ni zito zaidi. Mtu aliyekuwa ameingia Chrome, akienda kufuta vidakuzi vyote, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili zikukumbuke, aligundua kwamba vidakuzi vya kuingilia Google vinabaki, au kwa usahihi zaidi vinafutwa na kuundwa upya hapohapo. Ulibofya kufuta vyote, lakini vya Google, mwenye kivinjari, havikuhesabiwa katika hivyo vyote.

Zingatia maana yake kwa kompyuta ya duka. Mhudumu anayejali wateja, kila jioni anafungua ukurasa wa kufuta data, anaweka alama kote, anabofya, anafunga duka akiwa na amani. Kwa toleo la 69, kama mteja wa mwisho hakutoka mwenyewe, akaunti yake ilibaki wazi baada ya kazi yote hiyo. Badiliko lililosemwa kuwa la kulinda watu wa kompyuta za pamoja lilimnyang'anya mlinzi wa kompyuta hiyo chombo alichokuwa akikitegemea.

Wakati huo njia pekee ya mtumiaji wa kawaida kuzima ilikuwa ukurasa wa majaribio, chrome://flags, kwenye kipengele kilichoitwa account-consistency. Waliojua walikiweka kwenye hali ya kuzimwa, wakawasha upya kivinjari, mambo yakarudi yalivyokuwa. Njia hiyo ilienea haraka, lakini haikuwa suluhisho. Ukurasa ule wenyewe unaonya kwamba vilivyomo ni vya majaribio, na vipengele vyake huondolewa toleo lolote bila taarifa. Anayetegemea ukurasa wa majaribio kulinda wateja wake anapaswa kukagua kila baada ya sasisho, na hakuna mwenye duka anayefanya hivyo.

Kabla Septemba haijaisha Google ilirudi nyuma kwa hatua. Ilitangaza kwamba toleo la 70 litakuwa na swichi halali ya kutenganisha kuingia kwenye tovuti na kuingia kwenye kivinjari, kwamba menyu itaeleza wazi kama usawazishaji umewashwa au la, na kwamba ukifuta vidakuzi vyote, vyote vitafutwa. Toleo hilo lilitoka tarehe 16 Oktoba 2018, na ahadi zote tatu zilitimizwa. Wiki sita tangu badiliko mpaka swichi: kwa kampuni ya ukubwa ule ni mwendo wa haraka, na nadhani bila watu kama Green kusema kwa majina yao swichi hiyo isingekuwepo.

Lakini swichi ilikuja ikiwa imewashwa, na ilikaa ndani ya mipangilio ya ziada. Kwa maneno mengine, aliyesoma habari alipata njia ya kutoka. Asiyesoma alibaki ndani. Watu wa programu wanajua vizuri sana kwamba wengi wetu hatugusi mipangilio tuliyoikuta. Anayechagua hali ya mwanzo ya swichi ndiye anayewaamulia walio wengi, na kuwepo kwa swichi hakubadilishi ukweli huo. Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei mwaka uleule inadai hali ya mwanzo iwe ile inayolinda taarifa za mtu. Sisi hatukuwa na pa kushika: sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ilikuja 2019, ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023.

Na suala hili halikufia 2018. Mwaka 2020 baadhi ya watumiaji wa Chrome waliishtaki Google huko California wakidai kwamba kivinjari kilituma taarifa zao ingawa hawakuwa wamewasha usawazishaji. Mahakama ya wilaya iliitupa kesi Desemba 2022. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa iliifufua, ikisema swali la kuulizwa ni kama mtumiaji wa kawaida, akisoma maelezo aliyopewa, angeelewa kwamba anakubali. Ni swali lilelile la kitufe cha buluu.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nikiandike kisa hiki. Kwa kompyuta ya pamoja, ile swichi iliyoletwa kutuliza malalamiko ni dawa bora ya ugonjwa wa Juma na Asha kuliko badiliko lenyewe lililodaiwa kuuponya. Ukizuia kabisa kuingia kwenye Chrome, hakuna Juma atakayewasha usawazishaji kwenye kompyuta namba mbili. Hakuna kitufe cha buluu cha kubofya kwa bahati mbaya. Gmail inafunguka kama kawaida, inafungwa kama kawaida, na kivinjari hakina mwenyewe. Hilo ndilo lingepaswa kupendekezwa kwa wenye maduka tangu siku ya kwanza, badala ya kuugusa ulimwengu mzima.

Kuizima hakuchukui muda. Fungua mipangilio ya Chrome, ingia sehemu ya kwanza kabisa inayohusu wewe na Google, kisha ukurasa wa usawazishaji na huduma za Google, na utaikuta swichi ya kuruhusu kuingia kwenye Chrome. Mpangilio wa kurasa hizi hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo usipoiona tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa mipangilio. Ukiizima, Chrome itaomba iwashwe upya. Kama kuna akaunti ya mtu ndani, itatolewa. Tumia nafasi hiyo kufuta na data iliyobaki.

Tatizo la swichi ya kwenye mipangilio ni kwamba mteja yeyote anaweza kuiwasha tena. Mwenye kompyuta kadhaa afanye kazi ya kudumu zaidi. Kwenye Windows, fungua kihariri cha rejista kwa akaunti ya msimamizi, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, kisha Software, Policies, Google, Chrome. Kama folda mbili za mwisho hazipo, ziunde. Ndani yake weka thamani ya DWORD, yaani ya namba, yenye jina BrowserSignin, na uipe 0. Hiyo huitwa sera: amri ya msimamizi ambayo mteja hawezi kuibadilisha kwenye mipangilio. Kwenye Linux, sera hiyohiyo huandikwa kwenye faili la JSON ndani ya /etc/opt/chrome/policies/managed. Baada ya hapo andika chrome://policy kwenye kisanduku cha anwani uhakikishe kwamba imesomwa. Menyu ya Chrome itaanza kusema kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Usishtuke, shirika ni wewe. Ila kama maneno hayo yalikuwepo kabla hujagusa kitu, soma ukurasa huo wa sera kwa makini sana, kwa sababu programu hasidi nazo hupenda kujificha kwa njia hiyo.

Hata hivyo kuzuia akaunti hakuzuii kila kitu. Historia bado inaandikwa kwenye diski ya kompyuta, vidakuzi vinabaki, na Chrome bado itamuuliza Asha kama ihifadhi nenosiri. Halitakwenda kwa Juma safari hii, litabaki dukani kwenye mashine, likimsubiri mteja anayejua pa kuangalia. Kwa hiyo kwa saiba na steshenari mimi napendekeza hali ya mgeni, na si kama hiari ya mteja. Sera ya BrowserGuestModeEnforced, iliyowekwa palepale na kupewa 1, inaifanya Chrome ifunguke kwa hali ya mgeni tu. Mteja akifunga madirisha yote, historia na vidakuzi vya kikao chake vinaondoka. Viongezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi humo, na hiyo ni heri, kwa sababu kiongezi kibaya ni msikilizaji wa kila fomu inayojazwa.

Wateja wa kila siku watalalamika kwamba kompyuta inawasahau. Waeleze kwamba inawasahau kwa makusudi.

Kinachobaki baada ya hayo ni folda ya faili zilizopakuliwa. Hali ya mgeni haiigusi. Cheti kilichopakuliwa ili kichapishwe, nakala ya kitambulisho, barua ya kuitwa kazini, fomu ya mkopo yenye namba ya akaunti ya benki ya mzazi, vyote vinakaa humo miezi na miezi, kwa majina kamili ya wenyewe, mpaka diski ijae. Hakuna toleo la Chrome litakalolisimamia hilo kwa niaba ya mwenye duka. Weka kivinjari kiulize mahali pa kuhifadhi kila mara, ili mwenye flashi yake apeleke huko moja kwa moja, na weka kazi ya Windows inayojiendesha yenyewe kusafisha folda hiyo kila kompyuta inapozimwa au kuwashwa. Tangazo la kumwambia mteja kwamba faili lake litafutwa mwisho wa siku libandikwe kando ya kila skrini, kwa maandishi makubwa, ili asije kesho akidai wasifu wake wa kazi.